Tuuze shamba tupime vinasaba vya uvimbe wa mtoto?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa wilaya ya Uvinza, Kigoma. Nimelifupisha kidogo:

"Dokta habari za kazi. Mwanangu ana miaka 4. Tumbo lilianza kuvimba upande mmoja, sisi tukajua ni bandama maana huku malaria haiishi, bibi yake akamchanja chale, halikupungua. Hospitali ya Maweni wakampiga altrasaundi wakaona uvimbe, wakatuandikia hospitali ya Bugando. Hapa Mwanza wamekata kinyama tunasubiri majibu, na wanasema huenda vikahitajika vipimo vya vinasaba. Sasa kuna mtu hapa wodini kaniambia hivyo vipimo ndo vinasema mtoto atapona au hatapona, na kwamba sampuli inatumwa India kwa hela nyingi. Baba yake yuko tayari kuuza shamba la michikichi. Tuuze? Alafu ndugu wa mume wanasema hii kansa imetoka kwenye ukoo wetu, ni kweli? Ana mdogo wake wa mwaka mmoja, na yeye tumpime?"

Mama, pole sana na kuuguza, na pole ya safari, maana Uvinza mpaka Mwanza na mtoto ambaye tumbo limejaa sio mwendo wa mchezo. Mimi ni mpatholojia, yaani yule anayekaa na hadubini kusoma vile vinyama vinavyokatwa, na sampuli za watoto wa huku kwetu magharibi, Kigoma, Tabora, Katavi, napokea mara nyingi. Majibu ya mwanao siyajui na siwezi kuyakisia kutoka huku. Ila maswali yako yanajibika na naanza na la shamba: msiuze sasa hivi. Kwanza nendeni kwa daktari anayemtibu mtoto mkamuulize hivi, "dokta, majibu ya hicho kipimo yatabadilisha dawa atakayopewa mwanangu?" Akisema yatabadilisha, akuelezeni ni dawa gani itabadilika na inapatikana wapi. Akisema hayatabadilisha kitu kwa sasa, basi shamba libaki, maana matibabu ya kansa ya mtoto yanakwenda miezi mingi na hela mtaihitaji sana kwa nauli, chakula, na yule aliyebaki nyumbani.

Sasa nieleze hivi vipimo ni vitu gani, ukielewa hapa mengine yatakaa sawa.

Kila seli ya mwili ina maelekezo yake ya kazi, hayo maelekezo ndo jeni, yaani vinasaba, na jeni zimepangwa kwenye kromosomu 46. Seli ya kansa maelekezo yake yameharibika mahali fulani. Pengine kipande cha kromosomu moja kimekatika kikaenda kujiunga na kromosomu nyingine, pengine jeni moja imejinakili mara nyingi kupita kiasi, pengine jeni iliyokuwa inazuia seli zisizaane ovyo imepotea. Alama kama hizo ndo tunazitafuta, na kansa za watoto zina kitu kimoja kinachotusaidia sana, uharibifu wake huwa mchache. Mtu mzima wa miaka 60 kansa yake imekusanya makosa ya miaka na miaka, ya sigara, ya umri, ya jua, mpaka hujui lipi lilianza. Kwa mtoto wa miaka 4 mara nyingi unakuta kosa kubwa moja au mawili ndo yanaendesha ugonjwa wote, kwa hiyo ukilipata hilo kosa umeupata na ugonjwa wenyewe.

Alama hizi zina kazi mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kutambua ugonjwa, huu uvimbe ni kansa gani. Ya pili ni kupima ukali wake ili mtoto apewe dawa zinazolingana, asipewe pungufu na asipewe za kumuumiza bila sababu. Hiyo ya pili ndo huyo mtu wa wodini kaigeuza kuwa kipimo cha kupona na kutopona. Nitarudi hapo.

Kwa mtoto wa umri wa mwanao mwenye uvimbe tumboni, daktari anakuwa na magonjwa kama manne kichwani. Kuna kansa ya figo ya watoto, inaitwa Wilms. Kuna niuroblastoma, kansa ya seli za neva, inayoanzia mara nyingi kwenye tezi iliyo juu ya figo. Kuna limfoma ya Burkitt, kansa ya seli za kinga, na kuna kansa ya ini ya watoto, hepatoblastoma. Kwa nje tumbo ni lile lile, mzazi atasema bandama, na kiukweli hata mimi nikilishika kwa mkono siwezi kukuapia ni kipi. Chini ya hadubini nako sio rahisi kama watu wanavyofikiria, maana kadhaa kati ya hizi zinaonekana kama seli ndogo za duara zilizochukua rangi ya bluu, zimejazana, na kinyama chenyewe saa nyingine ni kiduchu. Na dawa zake ni tofauti kabisa, ukimpa mtoto wa Burkitt dawa za Wilms umempotezea muda ambao hana. Kwa hiyo kule kukatwa kinyama usikuone kama dalili mbaya, maana yake madaktari hawataki kukisia.

Hapo sasa ndo tunaanza kutumia alama. Hatua ya kwanza ni kupaka kinyama kingamwili zinazonata kwenye protini fulani tu, ikinata rangi inatokea, isiponata hakuna rangi. Kwa njia hiyo tunajua kama seli hizi ni za damu, za neva au za figo. Hiki kipimo kinafanyika hapa hapa nchini, na kwa watoto wengi kinatosha kabisa kuanza matibabu. Hili mama nataka ulishike, sehemu kubwa ya jibu inapatikana kabla hata ya kufika kwenye vinasaba.

Niikalie kidogo Burkitt, maana huu ni ugonjwa wa kwetu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago pale Kampala, akaandika mwaka 1958 kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya, na wengi walikuwa na uvimbe tumboni pia. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr kule London wakachunguza seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda wakakuta kirusi ndani yake, sasa hivi kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Karibu kila mtu anakibeba tangu utotoni na hakimfanyi kitu. Lakini mtoto anayeishi sehemu yenye malaria nyingi, na Kigoma na Tabora ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi zaidi Tanzania, zile seli zake za kinga zinachokozwa kila mara zizaane, na kwenye kuzaana huko ndo kosa linatokea: jeni inayoitwa MYC iliyoko kromosomu ya 8 inakatika, mara nyingi inaenda kukaa kromosomu ya 14 jirani na jeni ambayo kwenye seli hizo inafanya kazi usiku na mchana. MYC ni jeni ya kuamuru seli igawanyike. Ikikaa pale amri haikatiki, na ndo maana uvimbe wa Burkitt unaweza kujizidisha mara mbili ndani ya siku moja mpaka mbili, mzazi anakwambia jana halikuwa hivi na anasema kweli.

Kipimo cha kuona MYC imekatika kipo, tunaweka rangi mbili zinazong'aa, nyekundu upande mmoja wa jeni na kijani upande wa pili, jeni ikiwa nzima rangi zinakaa pamoja, ikiwa imekatika zinaachana, unaziona kabisa kwenye giza la hadubini, nukta nyekundu huku na ya kijani kule. Ni kipimo kizuri. Lakini mama, kama hadubini na kingamwili vimeshasema Burkitt, karibu seli zote zinagawanyika, na dalili za mtoto zinafanana nayo, hakuna daktari mwenye akili atakayekaa wiki tatu kusubiri hizo nukta. Mtoto anapewa maji mengi na dawa ya kulinda figo, maana uvimbe huu ukipigwa kemo, yaani dawa za kuua kansa, unayeyuka kwa kasi na taka zake zinaziba figo, alafu kemo inaanza. Na Burkitt ni moja ya kansa zinazoitika dawa vizuri sana ikiwahiwa. Kuna pia utafiti unaoitwa AI-REAL, ulioanzishwa Tanzania na Uganda kuangalia kama DNA (kemikali inayobeba jeni) ya kirusi na ya uvimbe inayoelea kwenye damu inaweza kutambua limfoma za namna hii kwa kutoa damu tu, bila kungoja majibu ya kinyama. Mimi hiki kitu nakiombea kwa moyo wote, kwa sababu mtoto wa Kakonko au wa Kaliua akitolewa damu na damu ikasafiri, tumeokoa wiki nyingi.

Niuroblastoma ndo ugonjwa ambao kipimo cha vinasaba kina uzito kuliko yote manne, kwa hiyo kama daktari wenu alitaja vinasaba huenda ana wasiwasi na huu, mwulizeni. Kwanza huanza na mkojo, maana seli zake zinatoa kemikali ambazo masalia yake yanatoka kwenye mkojo. Alafu kwenye kinyama tunatafuta jeni inaitwa MYCN, iko kromosomu ya 2. Seli ya kawaida ina nakala 2, ukiipaka rangi unaona nukta mbili basi. Mwaka 1984 Garrett Brodeur na wenzake walionyesha kwamba kwenye baadhi ya uvimbe huu nakala zinakuwa nyingi mno, na kwamba uvimbe wa namna hiyo ndo unaokutwa umeshasambaa. Nimeona mwenyewe hizo seli. Unahamisha kioo taratibu, seli hii nukta mbili, hii mbili, ukifika kwenye uvimbe wenyewe nukta zimejaa hazihesabiki, zimesongamana kama dagaa kwenye mwanga wa karabai usiku ziwani. Ukiona vile huhitaji kubishana na mtu. Takriban mtoto 1 kati ya 5 wenye niuroblastoma ana hali hiyo, na yeye anahitaji matibabu mazito, kemo kali, upasuaji, mionzi, na kwenye nchi zenye uwezo anarudishiwa pia seli mama zake mwenyewe, zile za kutengeneza damu, zilizohifadhiwa. Kinyume chake kuna watoto wachanga, chini ya mwaka na nusu, MYCN yao iko sawa, na uvimbe wao unaweza kunywea wenyewe, daktari anamwangalia tu kwa altrasaundi kila baada ya muda. Magonjwa mawili yenye jina moja, mmoja unampa dawa zote ulizonazo, mwingine unamwacha akue. Bila kile kipimo unaweza kumtesa mchanga kwa kemo ambayo hakuihitaji. Hapo ndo mahali ambapo mimi ningesema kipimo kitafutwe kwa kila njia.

Wilms ni tofauti. Huko nchi tajiri karibu watoto 9 kati ya 10 wanapona, na sehemu nyingi, Ulaya na Afrika, wanaanza kemo wiki chache kabla ya kutoa figo ili uvimbe unywee. Kuna alama za vinasaba, kwa mfano uvimbe uliopoteza vipande vya kromosomu ya 1 na ya 16 pamoja, au ulioongeza mkono mrefu wa kromosomu ya 1, hizo zinaonekana kurudi zaidi baada ya matibabu, na Marekani wanazitumia kuamua nani aongezewe dawa. Ila jambo kubwa zaidi kwenye Wilms bado tunaliona kwa hadubini ya kawaida, kama seli zina viini vikubwa vilivyoharibika umbo ama la, na ugonjwa umefika wapi mwilini. Kama mwanao ana Wilms, sioni sababu ya kuuza shamba kwa ajili ya kipimo wiki hizi.

Ya ini ina kipimo rahisi, ni protini ya kwenye damu inaitwa AFP, inapanda sana, na wakati wa matibabu inashuka kadiri uvimbe unavyokufa. Kinafanyika hapa hapa nchini. Tahadhari tu kwamba mtoto mchanga anazaliwa nayo juu kiasili na inashuka taratibu mwaka wa kwanza, kwa hiyo usiogope namba bila kuangalia umri.

Turudi kwa yule mtu wa wodini, maana maneno yake yanaumiza. Kipimo hakisemi huyu atapona huyu hatapona. Kinasema kwamba watoto wengi waliokuwa na alama hii, wakatibiwa kwa dawa hizi, mahali fulani, hiki ndo kilitokea kwa wengi wao. Hiyo ni habari ya kundi. Na dawa zikibadilika habari nayo inabadilika. Chukua leukemia, kansa ya damu. Kuna kromosomu inaitwa Philadelphia, iligunduliwa mwaka 1960, kipande cha 9 na cha 22 vimebadilishana mahali na kutengeneza jeni mpya ya BCR-ABL. Mtoto mwenye leukemia kali ya limfu akikutwa nayo zamani ilikuwa habari mbaya sana, kiasi cha 35% tu ndo walifika miaka 3 bila ugonjwa kurudi. Alafu ikatengenezwa dawa ya vidonge, imatinib, inayozima jeni hiyo hiyo, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2001, na utafiti wa huko uliochapishwa 2009 ukaonyesha watoto waliochanganyiwa imatinib na kemo, 80% walifika hiyo miaka 3. Jeni ni ile ile. Kuna na leukemia nyingine ambayo kromosomu ya 15 na ya 17 zimeungana, mgonjwa alikuwa anavuja damu anakufa ndani ya siku chache, madaktari wa Shanghai wakaonyesha mwaka 1988 kwamba dawa inayotokana na vitamini A inazikomaza zile seli, na leo ni kati ya leukemia zinazopona zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia alama mbaya, muulize mbaya kwa dawa gani.

Na kwa kuwa najua wenye watoto wa leukemia nao watasoma, nao niwaambie moja. Kwao alama yenye nguvu kuliko nyingi ni kuhesabu seli za kansa zilizobaki kwenye uboho baada ya mwezi wa kwanza wa dawa. Zikiwa chini ya 1 kati ya seli 10,000, ni habari njema sana. Zikiwa zaidi, daktari anaongeza nguvu ya dawa mapema kabla ugonjwa haujaonekana kwa macho. Na ile BCR-ABL inaweza kupimwa kwa mashine ya GeneXpert, hiyo hiyo ambayo hospitali zetu zinapimia TB, ikiwekewa katriji yake. Mashine zipo mpaka mikoani, kinachotakiwa ni katriji na uamuzi, na mimi naona hapo tunajichelewesha bure.

Sasa niseme kitu kuhusu watoto wetu. Zile asilimia nzuri zote zinatoka Marekani na Ulaya. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri zaidi ya 80% ya watoto wenye kansa wanapona, nchi nyingi maskini ni chini ya 30%, na mwaka 2018 likaweka lengo la angalau 60% ifikapo 2030. Tofauti hiyo kubwa hailetwi na jeni, uvimbe wa mtoto wa Uvinza na wa mtoto wa London unafanana kwa sehemu kubwa. Kinachotuua ni kuchelewa kufika, ni mtoto kuanza kemo akiwa amekonda sana, ni homa ya wakati wa kemo ambayo mzazi anaitibu nyumbani na panado, na zaidi ya yote ni kuacha matibabu katikati. Uvimbe unapungua, tumbo linalegea, mtoto anacheza, nauli imeisha, baba anasema turudi tukalime. Baada ya miezi mitatu uvimbe unarudi na safari hii hausikii dawa. Mimi ukinipa watoto wawili, mmoja ana alama mbaya ila mama yake hakosi tarehe, mwingine alama nzuri ila ameacha dozi ya tatu, wa pili ndo ananitia hofu zaidi. Hilo shamba la michikichi mama, likitoa mawese kila msimu ndo litakalowaleta Mwanza kila tarehe ya kemo. Sisemi msiuze kamwe, nasema msiuze kwa kipimo ambacho hamjaambiwa kitabadilisha nini.

Pamoja na hayo ongeeni na ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali mapema, msisubiri mpaka hela iishe, na mwulizie pia kuhusu Tumaini la Maisha, lile shirika linalosaidia watoto wenye kansa kuanzia Muhimbili.

Kuna kitu kingine unaweza kufanya leo bila senti, nacho ni kukilinda kile kinyama. Hili nalisema kwa uchungu maana nimeona vinaharibika. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya maji ya kukihifadhi kisioze, mara tu kinapokatwa, chombo kiwe kipana na fomalini iwe kama mara 10 ya kinyama chenyewe. Imewahi kunifikia sampuli ya mtoto iliyosafiri na basi kutoka mbali, imesukumiwa kwenye chupa ya dawa yenye mdomo mwembamba, fomalini kidogo chini, nje imezungushwa plasta. Nyama ikilowa fomalini inakakamaa, kwa hiyo haikutoka tena, ikabidi chupa ikatwe, na nilipoipasua katikati ilikuwa ya kijivu, laini, imeoza, maana dawa haikufika ndani. Jina lilikuwa limeandikwa kwenye kifuniko, chupa yenyewe haina kitu, na vifuniko maabara vinafunguliwa vinachanganyika. Mtoto yule ilibidi akatwe tena. Kinyama cha namna hiyo hata ukikipeleka India na ndege hawakupi jibu, DNA imeshakatikakatika.

Kwenu ninyi kimekatwa hospitali kubwa na maabara iko hapo hapo, kwa hiyo sina wasiwasi sana. Kikishatengenezwa kinagandishwa kwenye nta, kinakuwa kitofali kidogo kinachoenea kiganjani, tunakiita bloku, na bloku inakaa miaka mingi na bado DNA yake inasomeka. Ombeni namba ya maabara ya hiyo bloku, iandikeni kwenye daftari la mtoto na piga picha na simu. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kuanza dawa kesho, na kama baadaye daktari atahitaji MYCN au kitu kingine, bloku ndo itasafiri, mtoto anaendelea na dripu yake. Kupima vinasaba na kutibu vinaweza kwenda pamoja, sio lazima kimoja kikae kikimsubiri mwenzake. Na kama sampuli itatumwa nje, itumwe na hospitali yenyewe, kwa barua, na majibu yarudi kwa daktari. Mtu yeyote wa kwenye korido anayewaambia mpeni hela awapelekee, mkataeni.

La ukoo. Hapa nasema kwa sauti ili na mashemeji wasikie. Watoto wengi wenye kansa hawakurithi kwa mama wala kwa baba. Lile kosa la jeni limetokea kwenye seli moja ya mtoto wakati mwili unakua, halikuwepo kwa wazazi na halipo kwenye seli zake nyingine. Kwa jumla ni takriban mtoto 1 kati ya 10 wenye kansa ndo anakutwa na kosa la kuzaliwa nalo, na hata hapo wengine hawakulipata kwa mzazi yeyote, limeanza kwa mtoto mwenyewe. Na likitoka kwa mzazi linaweza kutoka kwa baba sawa sawa na kwa mama. Hakuna ukoo wa kunyooshewa kidole, na hakuna chakula ulichokula ukiwa na mimba kilicholeta MYC kukatika. Zile chale za bibi nazo hazikuleta kansa, alikuwa anahangaika kumponya mjukuu wake, shida ya chale ni muda uliopotea na hatari ya kuambukizwa.

Kansa ambayo urithi una uzito mkubwa ni ile ya jicho, retinoblastoma, inayoanza kama weupe unaowaka ndani ya mboni mtoto akipigwa picha yenye mwanga. Alfred Knudson mwaka 1971 ndo alieleza kwamba inahitaji mapigo mawili, baadaye ikajulikana ni kwenye nakala zote mbili za jeni ya RB1 iliyoko kromosomu ya 13. Mtoto aliyezaliwa na pigo la kwanza tayari anaweza kuugua macho yote mawili, na watoto atakaowazaa kila mmoja ana nafasi ya 50% ya kurithi. Kwa ugonjwa huo ndugu wote wadogo wanachunguzwa macho bila mjadala. Mwanao tatizo lake liko tumboni, kwa hiyo hii siyo yenu.

Kuhusu mdogo wake basi, hahitaji kupimwa vinasaba sasa. Subirini jibu la mkubwa wake. Kama ni Burkitt au hepatoblastoma au niuroblastoma ya kawaida isiyo na mgonjwa mwingine kwenye familia, mdogo mtu hana cha kupimwa, alale tu kwenye chandarua. Kama ni Wilms, daktari atawaangalia wote wawili vitu vya nje: jicho lisilo na ile duara ya rangi kuzunguka mboni, ulimi mkubwa kupita kawaida, mkono au mguu wa upande mmoja mnene kuliko wa pili, kwa wa kiume sehemu za siri zilizoumbika tofauti. Mtoto mwenye mojawapo ya hizo ndo anawekewa ratiba ya altrasaundi ya tumbo kila miezi 3 mpaka afike kama miaka 7, na Maweni wanaweza kuifanya, sio lazima aje Mwanza. Akiwa hana hata moja, apelekwe kliniki yake ya kawaida kama watoto wengine, na siku hiyo aliyempeleka amwombe muuguzi ampapase tumbo.